Godoro la Baba Mkwe

Alhamisi, 1 Julai 1999

Baridi. Nimelala juu ya mbao tena. Mbavu zinauma upande huu na upande ule, hakuna tena upande wa kugeukia.

Ndinda bado ako kwao Muthetheni. Alisema anaenda kuangalia mama yake. Mama yake si mgonjwa! Anabeba mtungi wa maji kuliko mimi. Kisa chote ni godoro. Eti nilipasua godoro la watu waliooana. Ndiyo nililipasua, lakini kwa mpango! Jaketi za sponji, za kuzuia baridi ya Julai. Nani angejua sponji inakunywa maji hivyo? Mteja wangu wa kwanza alinyeshewa kutoka stendi hadi kwake, akarudi akitembea kama amebeba maiti. Alinitupia jaketi mlangoni na ikaangusha cherehani.

Nyumba bila Ndinda ni kimya. Nilikuwa nikilalamika anaimba sana akipika. Sasa mimi ndiye ninaimba, na siwezi.

Leo Wambua amepita dukani. Huyu ameoa Kalondu, dada mkubwa wa Ndinda, kwa hivyo tuko na baba mkwe mmoja, na hiyo ni adhabu yangu duniani. Anafanya kazi na wapima barabara. Anavaa kofia ngumu hata akienda kununua sukuma wiki. Ameleta ujumbe: Mzee Masila anapanda vilimani Jumatano kuwinda kanga, kama kila Julai. Ana bunduki yake na leseni ya ndege yenye mhuri. Mwaka huu anataka wakwe zake wote wawili waende naye. Kila mtu na malazi yake. Tukirudi, mambo ya Ndinda yatazungumzwa.

Wambua akaongeza, akiangalia mbao za kitanda changu kupitia pazia, kwamba Mzee amesema mtu asiyeweza kujitandikia porini asiombe wa kumtandikia nyumbani.

Sawa. Nitajitandika mpaka Mzee alie.

Ijumaa, 2 Julai

Nimefikiria usiku kucha. Wambua atakuja na hema ya kazini, turubai nzito na vyuma. Kilimani atapumua kama ng'ombe. Mimi nitapanda nikipiga mluzi. Uzito ndio kila kitu! Mzee ataona kijana mwepesi, mwenye akili, amelala vizuri, ameamka mapema. Atasema, mpeni huyu mke wake.

Nimeanza kupima. Mizani nimeazima kwa Henry mwenye bucha, saa za mchana wakati hana wateja. Kwanza hema ya yule jamaa anayekodisha za matanga. Mizani ikalia. Henry akaniuliza kama nimeua nyati.

Kisha begi ya kulalia ya mitumba, ya wazungu, zipu ndefu. Nyepesi! Joto! Nikaingia ndani hapo hapo kwa bucha kuijaribu. Zipu ikakwama shingoni. Wakaingia akina mama wawili kununua matumbo, wakanikuta nimelala kando ya kigogo cha kukatia nyama, kichwa tu nje. Mmoja akamuuliza Henry kama hicho kinauzwa kwa kilo. Henry alinitoa kwa kisu. Begi imekwisha.

Kisha karatasi ya nailoni, ile ya kufunika nyanya. Nyepesi kuliko zote. Nimeifunga juu ya kitanda nijaribu usiku huu.

Jumapili, 4 Julai

Nailoni, hapana. Niliamka nimelowa. Mvua haikunyesha, tena nilikuwa ndani ya nyumba! Ni pumzi yangu mwenyewe, ilipanda juu ikagota kwa nailoni ikarudi ikanidondokea. Nimenyeshewa na mimi mwenyewe. Kanisani nimepiga chafya mpaka katekista akasimama.

Lakini katikati ya mahubiri, asi! Nimepata. Kitambaa cha parachuti, kile cha kushonea jaketi za mvua. Kiko dukani, rangi ya chungwa. Kinapumua kidogo. Fimbo yangu ya kutembelea ndiyo nguzo. Na kitanda? Magunia mawili ya unga, matupu, nitajaza nyasi kavu huko huko mlimani. Kwa nini mtu abebe kitanda wakati kitanda kinaota?

Nimeshona mpaka sasa. Blanketi nimekata nusu, kwa sababu mtu akijikunja anatumia nusu tu. Mswaki nimekata mpini. Vifungo vya shati nimetoa. Shajara hii nimeng'oa jalada.

Jumatatu nimeenda kwa Henry tena. Kila kitu pamoja, hema, magunia, nusu blanketi: ni chepesi kuliko maini aliyokuwa amemwekea mwalimu mkuu. Henry amenyamaza. Nafikiri ni heshima.

(Hapo nimeandika Jumatatu ndani ya Jumapili. Karatasi pia ni uzito.)

Jumatano, 7 Julai

Kwa Mzee Masila, Muthetheni. Kisha mlimani. Naandikia chini ya mti wa miiba.

Nimefika asubuhi na begi ndogo kama ya mtoto wa nasari. Mama mkwe akaingia jikoni kwa haraka na kufunga mlango, kama inavyotakiwa, nami nikaangalia upande wa zizi mpaka akamaliza kujificha. Nthoni ni nthoni. Sisi Wakamba, mkwe hamkaribii mama ya mke wake, na baba ya mke wake anamheshimu kwa mbali.

Ndinda akaniletea chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yakatoroka. Aliangalia shati langu lisilo na vifungo, nimelifunga kwa pini. Akasema, "Umekonda." Basi. Lakini alisimama pale mpaka nikamaliza kikombe, na angeweza kuenda. Nililishika lile neno njia nzima.

Wambua akafika anatoka jasho, turubai mgongoni, vyuma mkononi. Nikapiga mluzi kidogo.

Halafu Mzee akatokea na punda.

Punda! Hakuna aliyeniambia punda. Juu ya punda kuna godoro nzima, blanketi mbili za mistari, mto, kiti cha kukunja, mwavuli, birika, na redio. Mzee wa kuwinda tangu ukoloni, na analala kuliko askofu! Akamwambia Wambua aweke turubai yake pia juu ya punda. Akaangalia begi yangu. Akasema hiyo naweza kubeba.

Tumepanda siku nzima. Wambua alikuwa anapiga mluzi.

Alhamisi, 8 Julai, asubuhi

Mzee alilala mbali na sisi, ng'ambo ya mwamba, kama desturi. Hatukuona kitanda chake na yeye hakuona chetu. Tulimsikia tu akikoroma, na redio.

Mimi nililala vibaya. Nyasi za huku zina mbigili, magunia ya unga hayana unene. Nusu blanketi ni nusu ya chini au nusu ya juu? Hilo sikulifikiria. Nimekaa nikiihamisha kutoka miguu hadi mabega mpaka jogoo wa mbali akawika. Lakini hema! Hema yangu ilisimama. Haikuvuja tone.

Mzee ameamka na hasira. Punda ni mwepesi wa kula na mzito wa kutembea, na kanga wanashuka kunywa maji mapema. Tumefika mtoni tukakuta manyoya tu. Mzee akalaumu mzigo. Alisema kwa sauti, sote tumesikia, kwamba mzigo huu utamnyima ndege mwaka huu.

Huo ni mlango umefunguliwa! Nimemweleza kwa heshima kuhusu malazi mepesi. Akasema yeye halali kwa jaketi la mvua. Lakini mtu mzima akikataa kitu hajakiona. Akikiona usiku, kimetandikwa, kavu, atakubali. Na atajua ni nani alimfikiria. Na akirudi nyumbani ataita Ndinda.

Mzee na Wambua wameenda kuvizia kwale upande wa pili. Mimi nimeachiwa punda. Niko na mpango.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Nitaandika polepole. Jana, wakishapotea machoni, nilifungua kamba za punda. Godoro, blanketi, mto. Nikaacha kiti, mwavuli, birika na redio. Hapo chini ya kilima kuna boma la jamaa za Mzee, na kutoka kwa mwamba unaliona. Nikasema nitahifadhi mzigo pale, punda awe mwepesi, hema yangu nimpe Mzee, mimi nilale kando ya moto kama shujaa. Punda akakataa kushuka. Basi nikakunja godoro, nikaliweka kichwani, blanketi begani, nikashuka nalo.

Njiani kulikuwa na wanawake wanatoka kuchota maji. Wa kwanza akaniona akasimama. Wa pili akaweka kiganja mdomoni. Nilifikiri wanashangaa nguvu zangu. Nikawaamkia vizuri. Mmoja, mzee kidogo, akageuza uso kwenye kichaka kabisa. Nikatembea mrefu zaidi, kifua mbele. Nilifikisha godoro bomani, nikamwambia mama mwenye boma hili ni godoro la Mzee Masila, baba ya mke wangu. Ile sufuria aliyokuwa ameshika aliiweka chini. Akauliza kama Ndinda ni mke wangu kweli. Nikasema kweli. Akauliza tena.

Ndipo nikaelewa. Pale, mikono bado juu ya godoro.

Kitanda cha baba mkwe! Mkwe haruhusiwi hata kukiona kimetandikwa, sembuse kukigusa. Hata kuingia chumba chake. Na mimi nimekibeba kichwani, mchana, katikati ya ukoo wake, nikisalimia watu.

Nilirudi mlimani. Manyunyu yakaanza. Mzee akafika na kwale wawili kiunoni, amefurahi, akiuliza chai. Kisha akaangalia punda. Nikamweleza. Nilijaribu kuanza na uzito.

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Alikaa kwa kiti chake, akafungua mwavuli. Nikamwonyesha hema ya chungwa, imesimama, magunia yamejaa nyasi mpya nimetoa mbigili moja moja. Akasema, "Jana ni nani alilala humo?" Nikasema ni mimi. Hawezi kulala alipolala mkwe wake. Wambua akajitolea turubai. Lakini Wambua pia ni mkwe. Mzee akatikisa kichwa.

Basi Mzee akakaa. Na Mzee akikaa nje, mkwe gani ataingia kulala? Wambua akakaa juu ya jiwe na kofia yake ngumu. Mimi nikakaa juu ya jiwe lingine. Hema mbili nzuri zikasimama pale, kavu ndani, tupu, na wanaume watatu wakanyeshewa mbele yake mpaka kukapambazuka. Redio ndiyo iliongea, habari za bei ya kahawa.

Asubuhi Mzee alikuwa anakohoa. Tumeshuka. Godoro hakulichukua. Amesema hawezi tena kulilalia, wampe yeyote.

Sasa tumemaliza godoro mbili katika familia hii, mimi peke yangu.

Jumatatu, 12 Julai

Nimeitwa kwa Mzee. Amekaa na ndugu zake wawili. Wambua ameitwa kama shahidi, amekunja mikono, kofia magotini. Kwa mara ya kwanza nimeona kichwa chake. Kina upara. Hiyo ilinisaidia kidogo.

Wameuliza kwa nini nilibeba. Nikasema lilikuwa zito. Wakasubiri niendelee.

Nikajitetea. Nikasema kusema ukweli godoro sikuliona, kwa sababu lilikuwa juu ya kichwa changu, na mtu haoni kilicho juu ya kichwa chake. Ndugu mdogo wa Mzee akatoka nje ghafla. Tulimsikia nyuma ya ghala akikohoa, lakini haikuwa kikohozi.

Uamuzi: mbuzi wa kusafisha, achinjwe mbele ya wazee. Mpaka mbuzi huyo aliwe, neno la Ndinda halitatajwa katika boma hili. Mzee aliposema jina lake aliangalia chini. Nafikiri anampenda kuliko anavyonichukia, na ananichukia sana.

Nimetoka bila kumwona. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo tu, na ndani kulikuwa na moshi. Nilisikia mtu anaosha vyombo. Hakuwa anaimba.

Nimerudi kwangu Machakos. Nimelala juu ya mbao na nguo zote. Sijakula. Kama angekuwa hapa angeniambia nile.

Ijumaa, 16 Julai

Leo Kalondu amekuja dukani. Nilifikiri ameletwa na mambo ya mbuzi. Alifunga mlango wa duka kwanza.

Ndinda anasema hangoji mbuzi. Mambo ya wazee ni ya wazee, mbuzi atapatikana baadaye, na hasira ya baba yake anaijua, ni ya kelele ya kimya, inaisha. Anasema ametosheka na kukaa kwao. Jumapili baada ya kanisa atakuwa kwa ile hoteli ya chai sokoni Muthetheni. Nije. Nikae. Nimuulize kama amelala vizuri. Tutapanda gari pamoja turudi nyumbani, mbao ni mbao.

Ila kuna neno moja tu. Nije mikono mitupu. Nisilete zawadi, nisilete begi, nisilete mpango. Kalondu alinifanya nirudie kwa mdomo wangu. Nikarudia. Akasema, "Mumo, hii ni ya mwisho. Mimi namjua dada yangu."

Akishaenda nilikaa chini ya meza ya kukatia na nikalia. Nikalia sana. Mteja aliingia kuchukua sketi ya shule akaacha akatoka.

Nimefagia nyumba. Nimeosha sufuria zote, hata zile safi. Nimerudishia shati vifungo.

Jumapili, 18 Julai

Niko nyumbani. Peke yangu. Ngoja niandike vile ilikuwa.

Jana jioni nilikuwa nimetulia kabisa. Suruali imepigwa pasi. Kisha wazo likanijia, na ni nani anaweza kufukuza wazo? Shida yetu kule mlimani haikuwa uzito. Shida ilikuwa nthoni! Hema mbili, wakwe, hakuna wa kulala. Lakini hema moja yenye ukuta katikati? Milango miwili, mmoja unaangalia mashariki, mwingine magharibi. Baba mkwe huku, mkwe kule, hakuna anayemwona mwenzake, hakuna anayegusa cha mwenzake. Kila Mkamba anayepanda kilima ataihitaji! Mzee akiiona atasahau mbuzi. Ndinda ataona mume wake hakukata tamaa, amefikiria hata heshima ya baba yake.

Nimeshona mpaka stima ikapotea, nikamalizia kwa mshumaa.

Na sikuvunja neno lake. Mikono yangu ilikuwa mitupu kabisa. Hema nilijifunga mgongoni, ndani ya koti.

Alikuwa amefika kabla yangu. Amevaa ile gauni ya buluu. Kando ya kiti kulikuwa na leso yake imefungwa, nguo zote ndani, na kuku amefungwa miguu, wa kupika jioni. Alikuwa amejitayarisha kurudi. Aliponiona aliangalia mikono yangu, akacheka. Asi, kile kicheko! Nilikuwa nimekisahau. Akaagiza chai mbili na maandazi. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema hapana. Nikasema hata mimi. Akaniwekea andazi kwa sahani yangu. Kwa muda huo mfupi hakukuwa na mtu mwenye bahati kama mimi Machakos nzima.

Kisha akauliza mbona nimekaa mbele ya kiti, mgongo unaniuma?

Ningesema ndiyo. Kwa nini sikusema ndiyo?

Nilisogeza vikombe. Nikatandaza hema juu ya meza, nusu ikaenda kwa meza ya jirani, wakainua supu yao. Nikamwonyesha ukuta. Nikamwonyesha mlango wa Mzee, na kiraka cha kuzuia upepo. Nikamwonyesha upande wangu. Hakunikatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono juu ya gauni ya buluu, na mimi nikafikiri, anaelewa, hatimaye anaelewa.

Nilipomaliza akapitisha kidole juu ya ule ukuta wa katikati, polepole.

"Mumo," akasema, "na mimi nalala upande gani?"

Nikaangalia hema. Nikaangalia huku na kule. Nikamwambia hii ni ya watu wawili.

Akainama akachukua leso yake. Akachukua kuku. Alilipia chai yangu na yake. Akaenda kwa njia ya kwao, hakutembea haraka, na hakugeuka, nilingoja mpaka mwisho wa njia.

Nimerudi na hema mapajani. Njia yote nimefikiria lile swali lake, na sasa naona ni swali zuri sana. Ndinda ana akili kuliko sisi wote. Upande gani! Ni kweli, nilisahau. Pande tatu zinatosha, kitambaa cha chungwa kimebaki kingi, na nusu ya ukuta inaweza kusogezwa. Nimeshaanza kukata. Akiiona Jumapili ijayo, atarudi.